Barua ya Mistari Mifupi

Oduor alimbusu Nasike kwenye paji la uso saa tatu asubuhi, mchana kweupe, mbele ya mlinzi Mukhwana na wauza mitumba wawili waliokuwa wakifungua marobota yao. Kufikia saa sita, Nasike alikuwa anatamani busu lile angeweza kulifuta kwa kitambaa.

Lakini asubuhi ile alicheka tu, akamsukuma kifuani.

"Watu wanaangalia."

"Waangalie," Oduor akasema. Alikuwa ameishika taipureta kwa mikono miwili, kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. "Jumamosi ijayo wataangalia zaidi. Nitakushika mkono kutoka stendi ya Asembo Bay mpaka kwa mlango ya mama."

"Na mama akinikataa?"

Oduor aliiweka mashine mezani. Akainyoosha. Halafu akainyoosha tena, ingawa ilikuwa imenyooka. "Mama hawezi kukataa, jaber, mrembo wangu. Si ndiye alikupa hii?"

Akaondoka kwenda kwenye ufundi wake ufukweni Dunga, ambako injini ya boti ya mtu ilikuwa imekataa kuwaka tangu juzi. Nasike alimfuata kwa macho mpaka mgongo wake mpana ulipopotea penye kona ya stesheni ya reli. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, alikwishapenda mara moja na kuumia mara moja, na alikuwa ameapa kwamba hatapenda tena mwanamume kiasi cha kumtazama akiondoka. Kiapo chenyewe kilikuwa kimemshinda zamani.

Kazi ya Nasike ilikuwa ngeni, na mjini Kisumu aliifanya peke yake. Alinunua taipureta zilizokufa kwa watu wa vyuma chakavu kule Kibuye, akazipeleka chumbani kwake Migosi na kuzifungua. Vitufe vya herufi alivigeuza herini, bangili na vishikio vya funguo. Fremu alizitia balbu zikawa taa za mezani. Zile zilizokuwa bado na pumzi alizikodisha kwa harusi, wageni wakapanga foleni kuwapigia maharusi ujumbe badala ya kutia sahihi kwenye kitabu. Na kila Jumamosi aliketi kwenye baraza ya duka la zamani lililofungwa, karibu na stesheni, akawapigia watu barua: za mapenzi, za kuomba msamaha, za kuachana. Vijana walimpenda. Walikuwa wamechoka kutuma ujumbe wa simu unaosomwa na kunyamaziwa.

Lakini mashine aliyopigia barua hizo hakuwahi kuigusa kwa bisibisi ya kuvunjia. Ilikuwa ya marehemu Owiti, baba yake Oduor, aliyekuwa mwandishi wa barua Asembo Bay kwa miaka thelathini. Watu walikuwa wakivuka kwa feri kutoka Mbita, wakashuka Luanda Kotieno na kuja mpaka kwake, kwa sababu barua ya Owiti ilikuwa haitupwi. Miezi minane iliyopita Oduor alimletea Nasike mashine hiyo ikiwa imefungwa kwa gunia, nyeusi, yenye kutu. "Mama amesema ni yako," alisema. "Amesema imepata mwenyewe."

Siku hiyo Nasike alilia. Baba yake, Mzee Wakhungu wa Bungoma, alikuwa bado hataki hata kulisikia jina la Oduor, na hapa mama wa watu ambaye hajawahi kumwona anampa kitu cha marehemu mumewe! Aliisafisha mashine usiku na mchana, akaipaka rangi ya samawati ili ipendeze barabarani, na barua ya kwanza aliyoipigia ilikuwa ya shukrani. Alimpa Oduor aipeleke kwa mama yake. Baadaye alimuuliza mama alisemaje, Oduor akajibu, "Alifurahi sana."

Mwaka mzima Nasike alimbembeleza baba yake mpaka mzee akalegea. "Kama hao watu watakupokea," alisema mwishowe, "basi waje tuwaone. Lakini wakikurudisha, usinitajie tena."

Ndiyo maana Jumamosi ijayo ilikuwa kila kitu.

*

Mama yule alifika saa sita kasoro, akiongozwa na mlinzi Mukhwana. Alikuwa mrefu, amevaa gauni la kitenge lililopigwa pasi vizuri, mkoba ameubana kwapani. Alitembea kama mtu aliyekuja kazini.

"Huyu hapa, Mama," Mukhwana akasema. "Kisumu mzima amebaki yeye pekee."

"Misawa, nyathina," mama akasalimia kwa Kijaluo, akimwita mtoto wake.

"Misawa ahinya, Mama. Karibu ukae."

Mama aliketi, akaitazama mashine ya samawati kwa jicho la dharau kidogo, kama mtu anavyomtazama mzee aliyevaa nguo za vijana.

"Hii inaandika kweli, ama ni ya kupigia picha?"

"Inaandika, Mama."

"Nilienda kwa wale wa kompyuta. Wakanipatia karatasi inakaa mtihani ya shule. Mimi nataka barua. Kitu mtu akishika anajua ameandikiwa." Akautoa mkoba kwapani, akauweka magotini. "Macho yangu ya karibu imeisha, kwa hivyo mimi nitasema, wewe andika. Kila neno. Usinipunguzie, usiniongezee."

"Sawa, Mama." Nasike aliweka karatasi mbili na kaboni katikati, kama alivyozoea. "Tuanze na anwani. Inatoka kwa nani?"

"Lornah Owiti. Asembo Bay."

Moyo wa Nasike uliruka kwa furaha. Kwa furaha, jamani! Mama yake Oduor! Alidhani mama amekuja kimya kimya kumwona kabla ya siku yenyewe, na huo mzaha wa barua ni wa kumpima. Alifungua mdomo kusema "Mama, ni mimi," mikono tayari imeinuka kumkumbatia. Simu yake ikatetemeka mezani, jina la Oduor likawaka, na macho yake yakasoma kabla hajayakataza.

*Jaber mama yuko Kisumu leo. Hajui mashine iko kwako. Ifiche tafadhali. Nitakueleza yote. Usinikasirikie.*

Mikono ya Nasike ilishuka. Mdomo wake ulifungika. Aliusoma ujumbe mara ya pili.

Hajui.

"Kuna shida?" mama akauliza.

"Hapana, Mama." Sauti yake aliisikia kana kwamba imetoka kwa mtu wa jirani. "Na inaenda kwa nani?"

"Kwa msichana mmoja anaitwa Nasike. Anakaa Migosi."

*

Wako watu ambao wangesimama hapo hapo wakasema ukweli. Msomaji, huenda wewe ni mmoja wao, na hongera. Nasike hakuweza. Angesema nini? Kwamba mashine iliyoko mbele ya mama huyu, yenye rangi ya samawati kama ya kibanda cha simu, ndiyo mashine ya mumewe? Kwamba mwanawe aliiiba? Au kwamba yeye Nasike amekaa nayo miezi minane akidhani amebarikiwa?

Akakumbuka herini. Alikuwa amevaa herini za vitufe, herufi N sikio la kulia na herufi O la kushoto, mbili kubwa zenye ukingo wa fedha. Akajifanya anajikuna shingo, akazivua moja baada ya nyingine na kuzificha kiganjani, kisha chini ya karatasi. Kwa mguu akalisukuma chini ya meza katoni la mapambo ambalo, kwa bahati, alikuwa bado hajalipanga.

Lakini jambo kubwa zaidi lilikuwa kengele.

Oduor alimsimulia habari zake siku ile ile alipoileta mashine. Kengele ya asili ilivunjika kitambo, na Owiti, mtu asiyekubali kushindwa, alikata kichwa cha kengele ya baiskeli yake na kukifunga ndani. Tangu hapo, kila mstari ulipokaribia mwisho, mashine ilitoa mlio mzito, *ngriing*, ambao mashine nyingine yoyote haikuwa nao. Watoto wa Owiti walilala nao. Mke wa Owiti alipika nao.

Mstari mmoja ukifika mwisho, mama angejua.

Nasike alianza kupiga. Kila mstari ulipofika katikati ya karatasi, aliushika mkono wa pembeni na kuirudisha roli mwanzo, kabla kengele haijapata nafasi.

"Marehemu mzee yangu alikuwa anaweka anwani upande ya kulia," mama akasema.

"Siku hizi tunaweka kushoto, Mama."

"Haya. Andika. *Nasike, mimi ni mama ya Oduor. Hatujaonana. Nimesikia Jumamosi inayokuja mnakuja kwangu. Usikuje.*"

Vidole vya Nasike viliandika. Usikuje. Aliandika kila neno kama alivyoagizwa, akairudisha roli, akaandika tena. Macho yalimwasha lakini aliyakaza.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"*Sikukatai juu ya kabila. Dada yangu ameolewa Bumula na watu wenu wanamweka vizuri. Sikukatai juu ya kazi yako pia, kama ingekuwa kazi.*" Mama aliinua kichwa. "Wewe nyathina, una mtu?"

Nasike alishtuka. "Niko naye, Mama."

"Mama yake anakujua?"

"Bado."

"Uende umwone. Usingoje kupelekwa kama mzigo. Huyu wa barua angekuja mwenyewe, aniambie kwa mdomo yake, pengine ningesikia." Akapangusa kitu kisichokuwapo gotini. "Sasa andika hii pole pole. *Nakukataa juu ya mashine ya mume yangu.*"

Roli ilirudi. *Krrr, tak.*

"*Mume yangu alikuwa na taipureta. Mtoto wangu aliitoa kwa nyumba mimi nikiwa Siaya kwa semina ya akina mama ya kanisa. Nikarudi, nikapata meza iko wazi. Nikamuuliza, akaniambia iko kwa fundi Kisumu, inangoja utepe. Nikangoja miezi nane. Nilikuwa napangusa hiyo meza kila asubuhi, ndio ikirudi ipate mahali.*"

Nasike aliacha kupiga.

"Nimekuacha nyuma?"

"Kidogo, Mama. Nipe nafasi."

Aliinamisha kichwa ili uso wake usionekane. Miezi minane mama huyu alikuwa anapangusa meza tupu, na miezi hiyo hiyo yeye alikuwa akimtaja kwenye maombi yake ya jioni. Alimkasirikia Oduor hasira ambayo hakujua kama anayo. Na bado, na hili ndilo lililomuumiza zaidi, alitamani Oduor atokee pale penye kona, ampe mkono, amwambie haya yote ni uongo.

"*Halafu Caren, mtoto wa shemeji yangu, akaniambia ukweli,*" mama aliendelea. "*Akanionyesha picha kwa simu. Akasema wewe unakata mashine za wazee. Unang'oa macho yake unaweka watu kwa masikio.*" Sauti yake ilikuwa imara mpaka hapo. Hapo ikayumba. "*Mimi sikuzikwa na mume yangu, Nasike. Nilibaki na hiyo mashine. Wewe umeenda ukaikata kama kuku.*"

"Mama," Nasike akasema bila kutaka, "labda hakuikata."

"Nimekuambia uniongezee?"

"Hapana, Mama. Samahani."

Mama Lornah aliinama mbele. Hakuweza kusoma herufi, lakini umbo la barua aliliona: safu nyembamba ya maneno imeshuka upande wa kushoto, na nusu nzima ya karatasi ni nyeupe.

"Mbona barua yangu iko nyembamba hivi? Hii ni kama wimbo ya kanisa."

Nasike aliinyoosha karatasi. "Inasomeka vizuri zaidi hivi, Mama."

"Mzee yangu alikuwa anajaza karatasi. Alikuwa anasema nafasi ikibaki mtu mwingine ataongeza neno yake." Alimtazama Nasike kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Haya. Sisi tunamaliza. Andika ya mwisho."

Nasike aliweka vidole tayari.

"*Najua huwezi kunirudishia mashine. Kitu imekatwa imekatwa. Lakini ndani yake kulikuwa na kengele, ilitoka kwa baiskeli. Ilikuwa inalia jioni mimi nikiwa jikoni, na nilikuwa najua mume yangu ako kwa nyumba. Siku aliugua, aliomba tumletee kitandani, akaandika mistari tatu tu, ikalia mara tatu.*" Mama alitoa leso mkobani, akaishika tu, hakuitumia. "*Kama umeiweka kwa sikio ya mtu, mwambie huyo mtu akupatie. Nirudishie hiyo kengele peke yake. Mtoto wangu unaweza kubaki na yeye.*"

Hapo Nasike hakuona tena vitufe.

Akafikiri juu ya baba yake. Wakikurudisha, usinitajie tena. Angeweza kumaliza mstari huu kama mingine, mfupi, amkabidhi mama barua, na jioni aifiche mashine kama Oduor alivyoomba. Kisha nini? Angeenda Asembo Bay siku nyingine na uongo huo begani, amwamkie mama huyu na kumwita mama? Ale chakula chake huku meza ikiwa tupu?

Akaandika: *Nirudishie hiyo kengele peke yake.* Roli ilifika katikati. Mkono wake wa kushoto uliinuka, kwa mazoea, kuirudisha. Akaushusha. Akaendelea kuandika, neno baada ya neno, akivuka nusu nyeupe ya karatasi ambayo hakuigusa tangu mwanzo. *Mtoto wangu unaweza kubaki na*

*Ngriing.*

*

Muuza mitumba mmoja alikuwa ananadi mashati. Basi lilipiga honi mbali. Mama Lornah hakutikisika.

"Piga tena," akasema kwa sauti ndogo.

Nasike alirudisha roli, akaipeleka mwisho wa mstari bila kuandika neno.

*Ngriing.*

Mama alinyoosha mkono. Vidole vyake vilipita juu ya rangi ya samawati, vikashuka ubavuni, vikatafuta mahali fulani nyuma ambapo rangi haikufika. Vikapata mkwaruzo. Akautambua. Ndipo uso wake wote ukavunjika, akajiziba mdomo kwa leso.

"Hii umetoa wapi?"

"Mama, mimi ndiye Nasike."

Mukhwana, aliyekuwa ameegemea nguzo yake, akajikuta anatazama kwingine.

"Umejua ni mimi tangu lini?"

"Tangu uliposema Asembo Bay."

"Na ukaendelea kuandika."

"Uliniambia kila neno, Mama."

"Ndio sababu ilikuwa nyembamba." Haikuwa swali. Macho yalikuwa yamejaa maji lakini yalikuwa makali. "Ulikuwa unanificha kengele yangu."

"Nilikuwa nakuficha. Niliogopa. Mimi sikuiba, Mama, naapa. Oduor aliniambia wewe ndiye umenipa. Na mimi nilikuandikia shukrani."

"Uongo."

"Nilikuandikia!"

"Mimi sijawahi pata barua yoyote kutoka kwako. Na sasa mashine iko hapa, mwanangu ni mwongo, na wewe ndio malaika?" Mama alisimama. "Mnanifanya mjinga nyinyi wawili."

"Mama, nina nakala."

Mama Lornah alikuwa amekwishageuka. Neno hilo lilimsimamisha.

Nasike alikifungua kifuniko cha sanduku la mashine. Ndani yake, kwa gundi iliyogeuka kahawia, kulikuwa na kipande cha karatasi kilichopigwa taipu zamani, na maneno manne tu: KILA BARUA, NAKALA YAKE. "Niliikuta humu," alisema. "Sijaibandua. Nimeifuata tangu siku ya kwanza." Akavuta faili. Karatasi zikamponyoka, akapiga magoti barazani kuzitafuta. Ya kwanza kabisa ilikuwa chini, ya miezi minane iliyopita, herufi za kaboni zimefifia kidogo.

"Nisomee," mama akasema bila kugeuka.

Nasike alisoma akiwa bado amepiga magoti. "*Mpendwa Mama Lornah. Sijui nikushukuru vipi. Mimi huwa nakata mashine ambazo zimekufa, lakini hii ya baba haijafa na sitaikata. Nimeitia mafuta. Leo nimesikia kengele yake kwa mara ya kwanza, nikafikiria wewe umeisikia mara ngapi. Kama siku moja utaitamani, niambie tu, nitakuletea mwenyewe. Mtoto wako anayekuja, Nasike.*"

Mama aligeuka polepole. Alirudi, akaketi.

Na hapo ndipo Oduor alipotokea penye kona, mikono myeusi kwa grisi, anakimbia. Aliwaona wawili hao, akaiona mashine katikati yao, na miguu yake ikapunguza mwendo yenyewe.

"Mama," akasema.

Mama aligonga karatasi kwa kidole. Alimwambia Nasike, "Toa hiyo karatasi. Weka mpya."

"Mama, naomba nieleze. Nilitaka tu apate kuanza kazi ya barua. Nilijua nikikuomba utaniambia hapana..."

"Mimi niko kwa barua. Ngoja." Akamgeukia Nasike. "Na sasa usinikatie mistari. Peleka mpaka mwisho. Nataka kuisikia."

Nasike aliweka karatasi, kaboni, na karatasi. Hakumtazama Oduor. Alijua akimtazama atamwonea huruma, na hakutaka huruma ije mapema.

"*Oduor. Jumamosi ukuje nyumbani na huyu msichana. Ukuje na mashine ya baba yako.*" *Ngriing.* "*Ubebe wewe mwenyewe kwa kichwa kutoka stendi, watu wakiona.*" *Ngriing.* "*Uirudishe kwa meza. Halafu uniombe kwa mdomo yako, mbele yake, kitu yenye ulichukua kama mwizi. Nitakupa ama nitakunyima.*" *Ngriing.*

Oduor alisimama na mikono yake ya grisi imening'inia. Mtu mzima, fundi anayesikilizwa pwani nzima ya Luanda Kotieno, akawa anasomewa barua iliyo mbele yake.

"Na wewe?" mama akamuuliza Nasike. "Uko na neno ya kumwambia?"

Nasike alifikiri. "Ninalo, Mama."

"Weka chini ya yangu."

Sasa alimwangalia. Macho ya Oduor yalikuwa yale yale ya asubuhi, ya mtu anayempenda, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu. Akapiga bila kuangalia vitufe, huku akiyasema kwa sauti.

"*Oduor, kwa miezi minane nimemshukuru mama yako kwa zawadi ambayo hakunipa. Barua yangu uliificha. Nakupenda bado, na ndiyo maana nimekasirika hivi. Ukinidanganya tena, hata kwa wema, sitakungoja unieleze.*"

*Ngriing.*

Aliivuta karatasi, akatenganisha, akampa Oduor ya juu. Nakala akaiweka mbele ya mama.

"Baba yako alikuwa anafanya aje mtu akipokea barua?" mama akauliza.

Oduor aliitazama nakala. "Alikuwa anamwambia aandike kwa nakala kwamba amepokea."

"Basi."

Nasike alimpa kalamu. Vidole vyao viligusana, na hakuna aliyeharakisha kuviondoa. Oduor aliinama, akaandika *Nimepokea*, akatia sahihi, akaacha alama ya grisi pembeni mwa karatasi.

"Barua yako ya shukrani iko kwa sanduku yangu ya spana," akamwambia Nasike kwa sauti ya chini. "Sijaitupa. Nilikuwa naisoma."

"Utampa mwenyewe. Jumamosi."

Mama Lornah alikuwa amesimama. Alichukua nakala iliyotiwa sahihi, akaikunja mara tatu. Kisha akaokota mezani ile barua ya kwanza, ya mistari mifupi, akaitazama upande wake mweupe, akaikunja nayo. Zote mbili akazitia mkobani.

"Hiyo ya kwanza, Mama," Nasike akasema. "Si tuichane?"

"Sijaitia sahihi," mama akajibu, "lakini sijasema inachanwa." Aliubana mkoba kwapani. "Kalamu niko nayo. Mkinichezea, natia."

Akaiwekea mashine kiganja mara moja ya mwisho, akaanza kushuka ngazi za baraza. Kwenye ngazi ya pili akageuka.

"Na hizo herini uliweka chini ya karatasi, vaa. Nilikuona ukitoa. Nilidhani ni heshima."